Familia yangu inaye mhalifu, na amesharudi nyumbani

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi ni fundi cherehani huku Mbagala, gazeti lenu huwa nalisoma la kuazima pale duka la mangi, na sijawahi kuandika barua kwa mtu mkubwa zaidi ya mwalimu wa darasa wa mwanangu, kwa hiyo mkiona naruka ruka mnivumilie. Kilichonishikisha simu leo ni ubishi. Wiki iliyopita usiku vibaka walipita nyumba ya tatu kutoka kwangu, wakachana wavu wa dirisha, wakavuta simu mbili na suruali yenye hela kwa upondo. Asubuhi pale dukani hukumu ilishatoka kabla hata mwenye simu hajaenda polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa: ni wale wa msamaha wa Rais, si waliachiwa elfu tano, wote wamejazana huku kwetu uswahilini. Mama mmoja akasema wangeozea tu hukohuko. Afu ghafla pakawa kimya, watu wakakumbuka na mimi nimesimama pale, mana mtaa mzima unajua mdogo wangu alishanyea debe.

Nikachukua sukari yangu nikaondoka. Ila lile neno nimekaa nalo siku nne sasa, nashona nakosea, nimekata kola ya mteja kinyume, nikaona bora niseme.

Kwanza hilo la elfu tano. Tarehe 26 Aprili 2021, sikukuu ya Muungano, Rais Samia alitoa msamaha kwa wafungwa 5,001, na hiyo ndo namba iliyobaki kwenye vichwa vya watu mana ndo iliyosomwa kwenye taarifa ya habari. Lakini waliotoka getini siku ile walikuwa 1,516. Wale wengine 3,485 walipunguziwa adhabu tu, wakabaki ndani kumalizia kilichobaki. Hata ile ya marehemu Magufuli ya 9 Desemba 2017 kule Dodoma, ile ya Babu Seya na Papii Kocha ambayo watu walilia mbele ya TV, ilikuwa watu 8,157 ila walioondoka siku hiyo ni 1,828. Na tangazo lenyewe ukilisoma mpaka chini huwa linataja makosa ambayo msamaha hauyagusi, unyang'anyi wa kutumia silaha huwa humo, kubaka humo, dawa za kulevya humo. Kwa hiyo yule wa panga tunayemuogopa sisi mara nyingi wala sio yule aliyetolewa na msamaha. Na watu wanasahau kwamba wafungwa wanatoka kila wiki bila msamaha wa mtu yeyote, wamemaliza kifungo chao basi, hawa hawatangazwi na hakuna anayejua wameshukia kituo gani.

Sisemi waliotoka ni malaika. Wapo waliorudia, mtaani kwetu namjua mmoja alikaa uraiani miezi miwili tu. Ninachosema mimi ni kwamba hatujui. Siku ya msamaha tunasomewa waliotoka, siku ya operesheni polisi wanatusomea waliokamatwa, ila hapo katikati mimi sijawahi kusikia mtu anasoma chochote. Katika wale 1,516 wangapi wamepata kazi, wangapi wamerudi ndani, wangapi wamekufa kwa mawe ya wananchi? Ukiuza kuku wa kienyeji unajua wangapi wametoka na wangapi wamerudi bandani jioni, sasa hawa ni watu.

Twende kwenye ishu yenyewe. Jeshi la Polisi wana kampeni inaitwa Familia Yangu Haina Mhalifu. Sina ubaya nayo, na hili la kupeleka mkaguzi wa polisi kila kata mimi ni katika watu waliolipenda sana, mana zamani polisi unamuona akija kukamata tu, sa hivi namba ya mkaguzi tunayo kwenye simu na ukimpigia anapokea. Alikuja kwenye mkutano wa mtaa, kijana mstaarabu, akatueleza kila mzazi ahakikishe nyumbani kwake hakuna mhalifu, tukapiga makofi. Mimi nikawa nimekaa pale kwenye benchi la nyuma najiuliza, mimi familia yangu inaye, je nikae upande gani? Yani kampeni inaongea na nyumba ambayo haijaungua. Ile iliyoungua tayari inafanyaje? Sikuuliza, niliona aibu. Ndo nauliza leo.

Mdogo wangu alikamatwa 2017. Kosa alilifanya, sitaki kumsafisha hapa, waliingia na wenzake stoo ya mtu usiku wakabeba TV na mitungi ya gesi, wenzake wakakimbia yeye akadakwa kwenye ukuta. Kesi ikaenda mpaka 2018 akapigwa mvua sita, yani miaka sita. Akaanzia hapa hapa Dar kisha akahamishiwa gereza la kilimo mikoa ya kusini, mimi nilienda kumuona mara mbili tu kwa miaka yote, nauli ni nauli na mama alikuwa anaumwa. Akapata ile theluthi ya tabia njema ambayo ipo kisheria, sita ikawa minne, Agosti 2022 huyo akatoka.

Alishukia kituo cha Rangi Tatu jioni, nauli ya basi alipewa, hilo nisiwasingizie. Nilienda kumpokea, nikamuona kwa mbali amesimama anaishangaa Barabara ya Kilwa imechimbwa kwa ajili ya mwendokasi, na mkononi ameshika mfuko wa rambo, ile ya plastiki. Jamani, mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019! Aliingia nao na nguo zake ndani, ukawekwa stoo, siku ya kutoka akarudishiwa kama ulivyo. Kondakta wa daladala akamwambia bro utatuletea matatizo. Tulicheka njia nzima na mimi nilikuwa namcheka huku nalia, mana niliona kabisa huyu mtu karudi na dunia ya mwaka 2018 mkononi.

Na hiyo ya mfuko ndo ilikuwa rahisi kuliko zote, tuliutupa. Laini yake ya simu ilishakufa. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, na Januari 2020 zile ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa, muda huo yeye yuko shambani anapalilia mihogo ya serikali. Kusajili laini mpya lazima uwe na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. NIDA hana, alikamatwa kabla hajajiandikisha. Ili uipate NIDA unatakiwa uanzie serikali ya mtaa, ofisi ya mtaa inataka barua ya mjumbe, na mjumbe wetu, mzee wa watu ambaye namheshimu na simtaji, anafungua daftari lake anasema mwanangu mimi huyu simuoni, hili daftari la wakazi yeye hayumo. Nikamwambia mzee, huyu umemuona anazaliwa. Akasema nimemuona anazaliwa ndio, ila sijui miaka hii alikuwa wapi. Anajua! Mtaa mzima unajua! Ila alikuwa anaogopa kuandika jina lake chini ya jina la mtu aliyetoka jela, kesho akivunja nyumba ya mtu wakaja kumuuliza yeye. Na kiukweli kwa upande wake namuelewa, hakuna karatasi yoyote aliyoletewa inayosema huyu mtu kamaliza deni lake, mpokeeni, akiwa na shida mpelekeni kwa fulani.

Tulizungushana hivyo miezi mitano. Miezi mitano bila laini maana yake nini kwa Dar ya leo? Maana yake hana M-Pesa wala Tigo Pesa, kama ilivyoitwa wakati ule, hana pa kulipwa. Maana yake fundi mkuu wa saiti anamwambia acha namba nitakupigia kesho kukiwa na zege, yeye anaacha namba yangu, mimi niko sokoni natafuta zipu, simu inaita siisikii, kazi inapewa mwingine. Kuna siku alinijibu vibaya akasema dada kule ndani nilikuwa na namba yangu, nilikuwa napangiwa kazi, nilikuwa najua saa ngapi nakula, huku mimi ni nani? Hilo neno liliniuma kuliko siku aliyofungwa.

Sasa pigeni hesabu, katoka Agosti 2022. Septemba ikarudi Panya Road, lile genge la vijana wa mapanga.

Mnaokaa Dar mnakumbuka zile wiki. Vijana wanaingia nyumba baada ya nyumba na mapanga usiku, watu wanakatwa mapanga vichwani na mikononi, kule Kawe akauawa binti mwanafunzi wa chuo, mji mzima ukawa unajifungia saa mbili. Mimi hii hofu nilishaionja mwanzo, ile jioni ya tarehe 2 Januari 2015 nilikuwa nimemtembelea shangazi Tandale, tukaona watu wanakimbia wanatokea upande wa Magomeni wanasema Panya Road hao wanakuja, maduka yanafungwa, mama mmoja kaacha chapati zinaungua kwenye chuma, mimi nimebeba mtoto wa watu hata simjui nakimbia naye. Baadae polisi wakakamata vijana kwa mamia. Kwa hiyo 2022 iliponikuta tena nilishajua mlolongo wake: kwanza hofu, afu viongozi wanatoa tamko, afu msako, afu kimya.

Na kweli msako ukaja. Polisi wakatangaza watuhumiwa sita wamekufa katika kupambana nao. Watu huku walishangilia, nisiwe mnafiki na mimi ule usiku nililala usingizi, mara ya kwanza wiki nzima. Ila kabla ya kulala nilienda kugonga mlango wa mdogo wangu kuhakikisha yupo. Mana kwa wiki zile alikuwa anajifungia ndani kuanzia saa kumi na mbili jioni, hatoki hata kwenda dukani, kijiweni wamezoa vijana difenda nzima na yeye ana historia, akiguswa tu imekula kwake. Nilikuwa naogopa mara mbili kwa wakati mmoja, naogopa panga lisiingie kwangu na naogopa gari la polisi lisimchukue wa kwangu. Sijui kama kuna mtu wa takwimu anayeweza kuandika hofu ya aina hiyo.

Sisemi msako haufai. Mtu anayekuja na panga usiku lazima azuiwe, hilo halina mjadala. Ila msako unashughulika na usiku huu, haushughuliki na mwaka kesho. Chukua kijana wa miaka 19 kakamatwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, sheria inasema si chini ya miaka 30, tuseme kapata na theluthi yake, anatoka ana miaka 39. Nguvu anazo, nyumba hana, mke hana, kitambulisho hana, mama yake alishakufa zamani. Atakuja kukaa kwenye mtaa wa mtu. Wangu au wako. Na mimi naona ni bora zaidi hiyo siku ijulikane mapema na kuwe na mtu wa kumpokea, kuliko tuje kuijua kwa kukatwa wavu wa dirisha.

Kitu kingine kilichonishangaza nilikijua kwa bahati tu, kupitia mteja wangu mmoja anafanya kazi mahakamani, nilikuwa namshonea sketi. Akaniambia kwani mdogo wako hakuomba parole? Nikamuuliza ndo dudu gani. Kumbe sheria ya Bodi za Parole ipo tangu 1994, mfungwa mwenye kifungo cha miaka minne na kuendelea akishatumikia theluthi moja anaweza kufikiriwa, isipokuwa yale makosa makubwa kama unyang'anyi wa silaha, na akitoka anatoka kwa masharti, anaripoti kwa mtu, anafuatiliwa mpaka muda wake uishe. Miaka yote ile mdogo wangu yuko ndani sisi nyumbani hatukujua kama kuna hicho kitu, na yeye anasema alikisikia kwa wenzake kama hadithi tu. Haya, tuachane na hilo limepita. Kilichonikera mimi ni hesabu yake: aliyetoka kwa parole ana mtu wa kumuuliza umelalaje umekulaje unafanya kazi wapi. Aliyemaliza kifungo chake chote kihalali, akatumikia mpaka siku ya mwisho, huyo hana mtu hata mmoja. Yani ukimaliza deni lote ndo unatupwa! Wote wawili wametoka gereza moja, wote wanakuja mtaa mmoja.

Tumalizie ya mdogo wangu mana najua mtauliza mwisho wake. Kule ndani alijifunza useremala. Sio kupiga misumari tu, huyu alikuwa anatengeneza makabati na viti vya ofisi, na magereza yetu kwa kazi za mikono hayajambo, Ukonga wana samani, Karanga Moshi wana kiwanda cha viatu, Ruanda Mbeya wana chuo kabisa cha ufundi. Ila yeye gereza lake lilikuwa la kilimo, useremala alifundishwa na mfungwa mwenzake karakana ya pembeni, kwa hiyo katoka na mikono inayojua kazi ila karatasi hana. Huku nje ukienda kuomba kazi kwa fundi anakuuliza umejifunzia wapi? Unajibu nini hapo? Akisema ukweli anaambiwa tutakupigia. Akidanganya anaulizwa jina la fundi aliyemfundisha.

Aliyemfungulia mlango ni mzee mmoja wa pale Keko, pale panapotengenezwa vitanda na makochi. Mzee hakuuliza maswali mengi, akampa ubao na randa akamwambia nitolee mguu wa kitanda. Akautoa. Akamuuliza umejifunzia wapi, mdogo wangu akaamua liwalo na liwe akasema jela. Mzee akacheka mpaka akakaa chini, akasema sasa wewe umetoka Keko ya ndani umekuja Keko ya nje, tofauti yake huku jioni unaenda kwako. Wasiojua Dar ni kwamba gereza la Keko liko jirani tu na hao mafundi. Mdogo wangu anafanya kazi hapo mpaka leo, na ananiambia kuna siku karandinga likipita barabarani anasimamisha randa mpaka lipite, halafu anaendelea.

Huyo mzee ndiye aliyemwambia kuhusu VETA, wale wa serikali wa mafunzo ya ufundi, kwamba wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, mtu uliyejifunza kazi mtaani bila kukaa darasani unapimwa, ukifaulu unapewa cheti. Akaenda akapimwa akapata. Mhariri, kile cheti tumekiwekea fremu, fremu katengeneza mwenyewe! Mama alikishika akakigeuza nyuma mbele kama anatafuta kosa. Sasa swali langu la mshona nguo ni hili: kama upo utaratibu wa serikali wa kumpima mtu ujuzi aliojifunza popote, na gereza ni la serikali, na mtu amekaa humo miaka minne hana safari, kwanini asipimwe akiwa humohumo atoke na cheti mkononi badala ya rambo? Gharama ya mpimaji kwenda gerezani siku mbili na gharama ya kumlisha yule yule mtu akirudi miaka mingine sita, ipi kubwa? Wenzetu Zanzibar hata jina walibadilisha siku nyingi, jela wao wanaita Chuo cha Mafunzo. Jina zuri. Ila mtu akitoka chuo si huwa anaulizwa cheti?

Na NIDA hivyo hivyo. Alama za vidole gereza limeshachukua, picha limechukua, jina la baba na la babu limeandika kwenye jalada. Unataka nini tena hapo? Afisa wa NIDA aende na mashine yake mara moja kwa mwaka, anayebakiza miezi sita aandikishwe. Hii wala haihitaji sheria mpya, mtu akae na mwenzake waongee tu. Najua nitaambiwa mama wewe hujui utaratibu. Sawa sijui, ila nimeuzunguka huo utaratibu miezi mitano kwa miguu.

Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya vikundi, nisiiongelee sana mana kila mtu ana kilio chake. Ilisimama 2023 ikarudi 2024, mdogo wangu na wenzake watatu walitaka kuunda kikundi cha vijana wanunue mashine ya kuranda, mtu mmoja katika ofisi moja ambayo nayo siitaji akawaambia kikundi chenu kina doa. Doa lenyewe ni yeye. Akajitoa kikundini ili wenzake wapate. Hilo tu.

Mwaka 2023 Rais aliunda Tume ya kuangalia haki jinai, Januari, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai wakakabidhi ripoti. Mimi siku ile niliacha kushona nikasikiliza redioni mpaka mwisho. Watu wengi huku walisikiliza vipande vya polisi tu, kukamatwa, upelelezi, kubambikiwa kesi, mana hayo yanamgusa kila mtu. Hayo ya mtu akishatoka getini nani anayasikiliza? Mtu aliyetoka jela hana mbunge. Hakuna mgombea atasimama uwanja wa Zakhem huku Mbagala kwenye mkutano aseme nitawasaidia waliotoka jela, atazomewa mpaka ashuke jukwaani. Kwa hiyo lazima lifanywe na watu wa maofisini kimya kimya, na mimi nadhani hapo ndo linapokwama, mana kitu kisichopigiwa makofi hakina haraka.

Ninachoomba mimi wala sio kikubwa. Miezi mitatu kabla mfungwa hajatoka, gereza liandike barua moja iende kwa mtendaji wa mtaa anakokwenda na nakala kwa yule mkaguzi wa kata mwenye kampeni yake, iseme fulani anatoka tarehe fulani, kamaliza kifungo, anajua kazi fulani, ndugu yake ni fulani, na afisa wa uangalizi au ustawi wa jamii wa kumpigia ni huyu hapa. Basi. Mjumbe akiwa na ile barua ataandika jina lake bila kutetemeka. Mkaguzi akiwa nayo, siku ya msako hatamzoa mtu kijiweni kwa kumtazama sura, atajua huyu yupo kwangu, namfahamu, jana alikuwa kazini Keko. Na hata aliyeibiwa safari ile na kina mdogo wangu apewe taarifa, asije akakutana naye ghafla buchani, kama ilivyotokea kwetu. Walikutana buchani. Yule baba aliacha nyama kwenye mizani akaondoka, na mdogo wangu akarudi nyumbani bila nyama, hakuna aliyemgusa mwenzake ila familia zote mbili tuliumwa wiki nzima. Tulikuja kwenda kwake na mama kumuomba radhi, alitukaribisha chai, ila alisema neno la kweli kabisa: mimi serikali ilinijulisha siku ya kutoa ushahidi, siku ya kutoka kwake nimejua kwa kumuona.

Na kwa wale wa makosa madogo, sheria ya huduma kwa jamii ipo tangu 2002, kifungo kisichozidi miaka mitatu mtu anaweza kufagia hospitali au kuchimba mitaro huku analala kwao. Itumike. Mtoto wa miaka 18 kaiba simu ya elfu themanini, ukimchanganya na majambazi sugu umempeleka shule ya bweni. Mdogo wangu anasema kule ndani somo la useremala lilikuwa na mwalimu mmoja, somo la kuvunja nyumba lilikuwa na walimu kumi.

Nimeandika sana, mashine imepoa. Mhariri, ninyi mna waandishi, mna namba za wakubwa ambazo sisi hatuna. Kabla sikukuu nyingine ya kitaifa haijafika tukasomewa namba nyingine mpya, mtumeni mwandishi mmoja akaulize Magereza na hao wa huduma za uangalizi swali moja tu: wale 1,516 wa tarehe 26 Aprili 2021 wako wapi leo? Wakijibu, liandikeni gazetini kwa herufi kubwa, pale duka la mangi tutalisoma wote. Wasipojibu, liandikeni vilevile.

Ni mimi dada yake,
Mbagala, Dar es Salaam